Batman Apewe Dadu Ngapi?

Kwenye ukurasa wa kibonzo, Superman na Batman wanaishi pamoja bila shida. Mwandishi ndiye anayegawa kazi: mmoja anazuia meli isizame, mwingine yuko gizani anachunguza nani aliyeitoboa. Shida inaanza ukiwaleta mezani, kila mmoja akiwa mikononi mwa mchezaji wake, na mwandishi hayupo. Hapo hesabu ndiyo inayoamua nani ana la kufanya na nani anakaa kutazama.

Kwa ambaye hajawahi kuicheza michezo hii: watu wanne au watano wanakaa pamoja, mmoja anausimulia ulimwengu, wengine kila mtu ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Jambo likiwa na mashaka, zinarushwa dadu. Mama yao ni Dungeons & Dragons, iliyotoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin. Mashujaa wa vibonzo walifuata upesi: Superhero: 2044 mwaka 1977, Villains and Vigilantes mwaka 1979, Champions mwaka 1981. TSR, wenyewe wa Dungeons & Dragons, walitoa mchezo wa mashujaa wa Marvel mwaka 1984, ukiwa na jedwali la rangi: nyeupe umekosa, kisha kijani, njano na nyekundu kadiri ulivyofaulu. Ulipendwa sana, lakini ninaoutaka mimi ulitoka mwaka uliofuata.

Mwaka 1985 kampuni ya Mayfair Games ilitoa DC Heroes, kazi ya Greg Gorden. Nasomea shahada ya uzamili ya takwimu, na sijaona mchezo mwingine ulioipenda logariti kiasi hiki. Kila kitu, iwe uzito, umbali au muda, kinapimwa kwa kipimo kimoja, na kila ukipanda ngazi moja, kitu kinakuwa mara mbili. Mwenye nguvu 2 anainua ratili 200, mwenye nguvu 3 anainua 400. Batman ana 5. Superman katika toleo la kwanza alikuwa na 50, halafu toleo la 1989 likamshusha hadi 25, kwa kuwa DC wenyewe walikuwa wamempunguza nguvu kwenye vibonzo. Hata baada ya kushushwa, kati yake na Batman kuna ngazi 20. Mbili ikizidishwa yenyewe mara 20 inapita milioni moja.

Uzuri wake ni kwamba namba ndogo zinabeba ulimwengu mzima. Ubaya wake unajitokeza kwenye kurusha. Dadu ni mbili tu, za pande kumi, na matokeo yanatazamwa kwenye jedwali. Pengo likiwa kubwa, dadu hizo haziwezi kuliziba. Kuna pointi za kishujaa za kuongezea, na zikijirudia namba unarusha tena, lakini pointi huisha.

Kundi letu la watu watano limekuwa likiucheza mchezo huu hapa chuoni tangu mwaka jana. Mwenzetu mmoja, anayesomea uuguzi, huchagua watu wasio na nguvu zozote. Safari hii alikuwa mwandishi wa habari. Zamu yake ikifika katikati ya vita, anatangaza anachofanya, anarusha, jedwali linasema hakuna kitu. Wiki ya nne akaanza kwenda kuchemsha chai zamu yake inapokaribia. Wiki ya sita akasema wazi kwamba ataendelea kuja kwa ajili yetu, ila mchezo wenyewe haumhitaji. Kundi likanigeukia mimi kwa sababu ya takwimu: tuuhamishie kwenye mafungu ya dadu, au tuache.

Fungu la dadu ni wazo jepesi. Badala ya kurusha dadu zilezile kila mara na kujumlisha uwezo wako, uwezo wenyewe ndio idadi ya dadu. Mwenye uwezo 3 anarusha tatu, mwenye 8 anarusha nane. Mchezo wa Ghostbusters wa mwaka 1986, uliotolewa na West End Games, ndio kwa kawaida hutajwa kuwa wa kwanza kujengwa hivyo, na mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikafanya vivyo kwa Star Wars. Hizo zilijumlisha namba zote. Shadowrun ya 1989 ikabadilisha: usijumlishe, hesabu dadu ngapi zimefaulu. Vampire: The Masquerade ya 1991 ikaipeleka njia hiyo kwa watu ambao huenda wasingegusa dadu maishani mwao.

Mashujaa walifikiwa na wimbi hilo mwaka 1999, tena mara mbili kwa mpigo. West End Games walipata leseni ya DC, kwa hiyo Superman yuleyule wa jedwali la Mayfair akahamia kwenye fungu. White Wolf nao wakatoa Aberrant, kwa dadu za pande kumi walizozitumia kwa Vampire. Tatizo likawakuta palepale. Dadu inafaulu ikionyesha 7 au zaidi, yaani asilimia 40. Mwenye dadu 5 hutegemea mafanikio 2, mwenye 25 hutegemea 10. Pengo la mara milioni limekuwa pengo la mara tano, na bado aliye chini anashinda chini ya mara moja katika mia. Pia jaribu kuhesabu dadu 25 kila zamu uone watu wanavyoshika simu zao. Aberrant walilikwepa hilo kwa kuongeza dadu za pekee, ambazo kila fanikio lake linahesabiwa zaidi ya moja. Ni kiraka, kwa maoni yangu.

Waliolifikiria upya kabisa ni Dennis Detwiller na Greg Stolze katika Godlike, mwaka 2001, mchezo wa watu wenye vipaji vya ajabu ndani ya Vita Kuu ya Pili. Hapo unatafuta namba zinazofanana. Ukipata 7 tatu, ile 7 inasema umefanya vizuri kiasi gani, na ile tatu inasema umefanya haraka kiasi gani. Mrusho mmoja unajibu maswali mawili. Fungu haliruhusiwi kuzidi dadu 10, na mwanafunzi yeyote wa takwimu ataona kwa nini: dadu 2 zinafanana mara moja katika kumi, dadu 5 karibu asilimia 70, dadu 10 hazikosi ila mara nne hivi katika elfu kumi. Ya kumi na moja ingefanya kukosa kusiwezekane.

Halafu Marvel Heroic Roleplaying ya 2012, ya Cam Banks na wenzake. Humo nguvu ni sehemu moja tu ya fungu. Dadu moja inatoka kwenye kipaji chako, nyingine kwenye ujuzi, nyingine kwenye sifa inayokutambulisha, nyingine inategemea kama uko peke yako, mko wawili au mko kundi. Mungu wa radi anaweka dadu ya pande 12 pale askari anapoweka ya pande 8, lakini mafungu yao yanalingana kwa idadi, na mara nyingi unajumlisha dadu mbili tu kati ya hizo. Leseni ilisitishwa 2013, mchezo ukiwa bado mchanga.

Nikaiba humo. Kwenye rasimu yangu mwandishi wa habari ana dadu 2 za mwili, 4 za kuujua mji, na 2 akiwa na shahidi pembeni. Ubishi ukatoka upande nisioutarajia, kwa mwenzetu aliyemshika shujaa mkubwa. "Nguvu zangu mmezifanya za bei rahisi," alisema. Alichagua mtu anayeweza kubeba meli, sasa anaambiwa ana dadu 8 sawa na mtu mwenye kalamu. Hoja yake ni ya kweli. Superman ambaye anaweza kushindwa kunyanyua gari kwa sababu dadu zimegoma si Superman.

Kwa hiyo jedwali la uzito la 1985 tumelibakiza lilivyo. Kubeba hakurushiwi dadu: mwenye 25 anainua zaidi ya tani 700,000, mwenye 5 kilo 700 hivi (ndiyo, Batman, na sitaki kuulizwa). Fungu linatoka pale tu mtu mwingine anapotaka kinyume, au muda unapokwenda, au pale mtu anapohitaji kujua nani aliyeitoboa meli.

Jumamosi hii tunajaribu toleo la tatu. Ya kuhesabu muda bado hayajakaa sawa.