Kituo cha Safari kabla ya Motokari: Tabora, Ujiji na Nyangwe, 1857–1877

Kabla ya reli na motokari, safari ya bara katika Afrika ya Mashariki na ya Kati ilikuwa safari ya miguu. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi katika sehemu nyingi za njia, na kwa hiyo mzigo ulichukuliwa kichwani na begani mwa mpagazi. Hali hiyo ilimlazimu msafiri kuchagua mji mmoja, kuweka mali yake humo, kisha kutoka na watu wachache kwenda kuipeleleza nchi ya jirani na kurudi. Historia ya wapelelezi wa Kizungu husimuliwa mara nyingi kama historia ya mito na maziwa. Yafaa isomwe pia kama historia ya vituo vyao, maana kituo ndicho kilichoamua nchi ipi ingeonekana na ipi ingebaki imefichika.

Wapelelezi hao hawakuvianzisha vituo hivyo. Walivikuta vimekwisha kuundwa na wafanyabiashara wa pwani pamoja na Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa upagazi. Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda: njia moja ilitoka pwani, nyingine ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika huko mwezi wa Novemba 1857 wakapokewa na Snay bin Amir. Faida ya kituo ilionekana mwaka uliofuata. Burton alibaki Tabora, naye Speke akatoka Julai 1858 na msafara mdogo, akaiona Nyanza tarehe 3 Agosti, akarudi kabla ya mwezi huo kwisha. Safari ya majuma kama saba iliwezekana kwa sababu mizigo mizito ilikuwa imeachwa nyuma, mahali palipokuwa na chakula na mwenyeji wa kuaminika.

Ujiji ulikuwa na sifa nyingine, yaani mitumbwi. Kutoka hapo Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858. Mwishoni mwa mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakahakikisha kwamba Ruzizi huingia ziwani wala hautoki. Cameron aliizunguka nusu ya kusini na kuuona mlango wa Lukuga mwaka 1874. Stanley alilizunguka ziwa lote mwaka 1876, akamwacha Frank Pocock Ujiji pamoja na sehemu ya msafara. Hata hivyo mitumbwi peke yake haitoshi. Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa na mchovu, alikuta bidhaa zilizoletwa kwa ajili yake zimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Bila nguo na shanga hakuwa na posho ya kuwapa watu wake. Ikiwa amana haikai salama, kituo si kituo.

Kwa kipimo hicho, Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba katika Maniema, ulionekana kuwa kituo bora kuliko vyote. Chakula kilikuwa tele, na soko lake lilikusanya watu wengi, hasa wanawake, waliovuka kwa mitumbwi kutoka ng'ambo. Livingstone alikaa huko kuanzia mwisho wa Machi hadi Julai 1871, akitaka kujua kama Lualaba ni Nile. Muda wote huo hakupata mtumbwi wa kumwezesha kuendelea. Mji ulikuwa chini ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na wenyeji wa ng'ambo hawakuona sababu ya kumtofautisha mgeni huyo na wenyeji wake. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia risasi waliokuja sokoni. Wengi walipigwa, wengi zaidi walizama mtoni; makisio ya wakati ule yalitaja watu kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka siku chache baadaye, akarudi Ujiji bila kuupata mkondo wa mto.

Cameron naye alifika Nyangwe Agosti 1874, akakosa mitumbwi vilevile, akageukia njia ya kusini hadi pwani ya Atlantiki. Stanley alifanikiwa kwa njia nyingine. Alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyochukuliwa vipande vipande na wapagazi. Zaidi ya hayo alipatana na Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, asindikizwe na watu wenye bunduki kwa ahadi ya dola 5,000. Walitoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876. Stanley akafika Boma Agosti 1877, baada ya mapigano mengi njiani. Mto ulijulikana kwa ulimwengu wa nje, lakini kwa nguvu ya silaha.

Kutokana na mifano hii, ni dhahiri kwamba chakula, wapagazi, vyombo vya majini na usalama wa mali havikutosha kukifanya kituo kiwe chema. Palihitajika pia amani kati ya mji na majirani zake. Tabora na Ujiji ilimpa mgeni nafasi ya kutoka na kurudi. Nyangwe ulimlisha, huku ukimfungia mto uliopita mlangoni pake. Habari alizozitafuta Livingstone kwa miezi zilikuwa zikija sokoni kila siku ya soko, vinywani mwa wanawake walioujua mto na vijiji vyake. Bunduki za tarehe 15 Julai ziliwaua wenye habari hizo na kuwatawanya waliosalia.