Amana Iliyopotea Ujiji

Ujiji ni bandari ya kale katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, wakapitishwa watumwa kwa dhulma, na Msahafu nao ukapita. Wengi wanaujua mji huo kwa kuwa Stanley alikutana na Livingstone hapo mwaka 1871. Lakini kabla ya mkutano ule lilitokea jambo linalotuhusu zaidi sisi Waislamu.

Tarehe 23 Oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na dhaifu. Alitumaini kukuta bidhaa alizoletewa kutoka Unguja: nguo yadi 3,000 na ushanga ratili 700. Hakukuta hata kipande. Msimamizi wake, aliyeitwa Sherifu, alikuwa amekwisha kuziuza zote. Livingstone ameandika kwamba Sherifu alidai ametazamia kwa Kurani, akaona kuwa mwenye mali amekufa.

Hebu tuzingatie. Mtu huyu hakukifungua Kitabu apate kuongoka; alikifungua apate ruhusa. Tamaa ilikwisha kumchorea maiti, naye akatafuta aya ya kumzikia. Lau angesoma kwa mazingatio, angekutana na Surat An-Nisaa, aya ya 58, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Angekutana pia na Surat Al-Maida, aya ya 90, inayokataza kupiga ramli.

Katika mji ule ule walikuwako wengine. Muhammad bin Saleh aliwekewa bidhaa chache kabla Livingstone hajakwenda Manyema, na bidhaa hizo zilikuwapo. Saidi bin Majid naye alimwendea mgeni faraghani, akamwambia kuwa hana bidhaa ila ana pembe. Akaomba amruhusu auze baadhi, ampe yeye thamani yake. Mgeni huyo hakuwa wa dini yake wala wa nchi yake.

Hapa ndipo tunapoifahamu ile Hadithi ya Mtume (S.A.W.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba utajiri si wingi wa vitu bali ni utajiri wa nafsi. Sherifu alikuwa na mzigo mzima mkononi, na bado alikuwa fukara. Saidi hakuwa na bidhaa, na bado alipata cha kutoa. Fikra ya mwanadamu haikai bure: isipoongozwa na Kitabu, tamaa itaiongoza, kisha itakitumia hata Kitabu chenyewe.

Basi majumbani mwetu, tusomapo baada ya Magharibi, tusiridhike na kumaliza juzuu. Kabla ya kufunga Msahafu, kila mmoja na ajiulize: haki ya nani imo mkononi mwangu, na mwenyewe yu hai?

Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zenye kutosheka. Amin.