Mtoto na simu sikioni: mionzi ina neno, sauti ina neno zaidi

Nyumba nyingi hapa mwambao zina jamaa aliye Arabuni, na simu ikilia mtoto naye hutaka zamu yake. Akibandikwa simu sikioni, hakosi mtu mzima wa kusema mionzi itamuua masikio. Hofu hiyo si ya kuchekwa.

Mionzi ya simu ni mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto kidogo, na ndiyo maana simu huwekewa mpaka. Kwa upande wa kichwa, Ulaya huruhusu wati 2 kwa kilo ya mwili, Marekani 1.6. Fuvu la mtoto ni jembamba, kwa hiyo baadhi ya sehemu za kichwa chake hupokea mawimbi mengi kuliko za mtu mzima.

Ndani ya sikio mna kiungo kilichojikunja kama konokono, chenye chembe za vinywele zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari kwa ubongo. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, mimba ikikaribia miezi sita, lakini njia za kusikia ndani ya ubongo huendelea kukomaa hadi ujana. Vinywele hivyo vikifa havioti tena.

Je, simu inaviua? Majaribio ya Ulaya kwa panya na kwa watu wazima, waliopimwa masikio kabla na baada ya dakika chache za simu, kwa sehemu kubwa hayakuona badiliko. Lakini dakika chache kwa mtu mzima si miaka kumi kwa mtoto. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani, sababu mojawapo ikiwa uvimbe wa mshipa wa fahamu wa kusikia. Kundi hilo hilo lina achari za mboga za jadi za Asia, basi neno "huenda" lisomwe kwa uzito wake.

Tahadhari ni rahisi. Weka simu kwenye spika, mbali na kichwa. Ndani ya nyumba za kuta nene za mawe, kama za Mji wa Kale au Lamu, mtandao hufifia na simu huongeza nguvu zake. Sogea dirishani au barazani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni sauti yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu. Kijana aliyetia vipokea sauti masikioni ndani ya matatu yenye muziki huipandisha yake ishinde ule wa gari, na hapo mpaka umepitwa zamani.

Na sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta ya moto wala maziwa. Lipelekwe kituo cha afya. Maradhi hayo ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto kupoteza kusikia. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa kwa nyuma naye apimwe, hata kama hajawahi kugusa simu.