Usiniambie Eti "Zilikuwa Siku Zao"

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kuna mjadala mmoja wa darasani haujawahi kuniacha. Msee mmoja alisema hatuwezi kuhukumu wakoloni, kwa sababu mema na mabaya hutegemea utamaduni na wakati. Darasa likanyamaza. Mimi pia.

Leo nina jibu, na liko hapa hapa Nakuru.

Mwaka wa 1904 masetla walitaka ardhi kando ya reli. Serikali ya Waingereza ikaandikiana mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana: tokeni Naivasha na Nakuru, nendeni Laikipia na kusini. Mkataba ungedumu maadamu Wamaasai wapo.

Miaka 7 haikuisha. Mwaka wa 1911 Laikipia nayo ikatakiwa, mkataba mwingine ukaandikwa, watu na ng'ombe wakaswagwa kusini.

Ole Njogo na wenzake wakaenda kortini. Mwaka wa 1913 wakashindwa. Na si eti korti ilisema ahadi haikuvunjwa. Ilisema huo ni mkataba wa mataifa mawili, haina mamlaka juu yake.

Sasa cheki. Tamaduni mbili tofauti kabisa, na zote zilijua ahadi ni nini. Mmoja aliiandika, mwingine akahama kwa kuiamini. Simhukumu Mwingereza kwa maadili ya leo. Namhukumu kwa karatasi yake mwenyewe.

Mahari, chakula, mazishi, hapo kila mtu na kwao. Lakini ahadi ni ahadi, Laikipia hata London.

Wewe ungemjibu nini yule msee?