Kutoka Nili hadi Anilini: Safari ya Neno la Kemia

Hoja inayorudiwa katika mijadala ya lugha ya kufundishia sayansi ni kwamba istilahi za kemia ni ngeni mno kwa Kiswahili. Makala hii inaipima hoja hiyo kwa neno moja tu, anilini, jina la kampaundi yenye mzingo wa atomi sita za kaboni ulioshikamana na kikundi cha naitrojeni na haidrojeni.

Mwaka 1826 Otto Unverdorben aliipata kwa kukeneka nili. Mwaka 1834 Friedlieb Ferdinand Runge aliitoa katika lami ya makaa ya mawe. Kisha Carl Julius Fritzsche akaipata tena kwa kuichanganya nili na alkali kali, akaiita anilin kutokana na mmea wa nili, Indigofera anil. Kila mmoja alidhani amepata kitu kipya, hata August Wilhelm Hofmann alipothibitisha mwaka 1843 kwamba ni kitu kimoja. Jina la Fritzsche ndilo lililobaki.

Anil ni neno la Kireno lililotoka katika Kiarabu, an-nil. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na asili yake ni Kisanskriti. Aliyesoma chuoni atatambua kwamba sauti an- ni kile kitambulishi al-, ambacho lamu yake humezwa na nuni. Kiswahili kililipokea neno hilohilo bila kitambulishi: nili. Kaniki zilizoletwa Unguja kutoka magharibi ya India katika karne ya 19 zilitiwa rangi hiyo, na waliozivaa hawakuhitaji mkemia wa kuwaeleza nili ni nini.

Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini. Kwinini hakuipata; katika anilini aliyoitumia, ambayo haikuwa safi, alipata rangi ya zambarau, na viwanda vya rangi vikaanza. Anilini ikawa inatengenezwa kwa wingi kutokana na benzini: kwanza hugeuzwa nitrobenzini kwa asidi ya naitriki, kisha nitrobenzini hupokonywa oksijeni kwa vumbi la chuma na asidi. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya nili ya Bihar yakaporomoka. Miaka michache baadaye anilini yenyewe ikawa malighafi ya kutengenezea nili: binti akamzaa mama.

Dawa zilifuata njia hiyo. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwatibu wagonjwa wawili wa malaria kwa rangi ya buluu ya methilini, na mwaka 1934 ikatengenezwa klorokwini, iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini Tanzania hadi 2001.

Kwa hiyo ugeni wa anilini ni wa barabara iliyopitia, si wa shina lake. Pendekezo langu kwa kamati za istilahi ni dogo: kidahizo cha anilini kisiishie kutaja Kiingereza. Kitaje Kijerumani, Kireno na Kiarabu, kisha kimwelekeze msomaji kwenye kidahizo cha nili. Na mwalimu wa kidato cha tatu aanzie hapo.