Amana ya Mpiga Picha: Studio za Pwani Tangu Gomes hadi Leo

Kamera haikuchelewa kufika pwani ya Afrika Mashariki. Daguerre alitangaza uvumbuzi wake Paris mwaka 1839, na kati ya 1846 na 1848 Charles Guillain, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alikwisha pita huku na vifaa vya kupigia picha. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Zanzibar. Hao walikuwa wapita njia: walichagua wenyewe cha kupiga, wakaondoka nacho. Historia ya mpiga picha wa kukodiwa inaanza pale mwenyeji alipotoa fedha yake, akachagua nguo, akaamua mwenyewe aonekane vipi.

Waliofungua mlango huo ni Wagoa, wahamiaji kutoka Goa, India. A.C. Gomes aliweka studio Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakafuata kina Coutinho na Pereira de Lord. Masultani, mabalozi na matajiri walikwenda kwao kupigwa picha za heshima. Lakini studio hizo hizo ziliuza pia kadi za posta zenye sura za wanawake na wachukuzi bila majina, zikasambaa Ulaya kwa watu wasiowajua wala kuwauliza. Tofauti kati ya picha hizo mbili ni kubwa, na ndiyo iliyoutawala uhusiano wa mpiga picha na mteja wake tangu hapo: picha iliyopigwa ni ya nani, na nani ataiona?

Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930. Alimpiga picha Sultani, akaipiga picha mitaa, na baada ya Mapinduzi ya 1964, watu wengi walipohama, studio yake ilibaki. Mwanawe Rohit aliiendeleza.

Mombasa, N.V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wa picha za watu pwani ulipofika kileleni. Wahindi, Waswahili, Waarabu na vijana waliotoka bara kutafuta kazi, wote walikaa mbele ya taa zake. Parekh aliipanga taa kama watengenezaji filamu, akamgeuza mteja uso kidogo, akamsogezea kiti, akamwambia mikono aiweke wapi. Kijana aliyeingia na suti aliondoka na picha ya kupeleka kwao kuonyesha kwamba mji umempokea. Picha ilisafishwa chumba cha giza, mteja akalipia nakala, lakini negativu ikabaki studio. Akitaka nakala nyingine hata baada ya miaka, ilimlazimu arudi pale pale. Kwa hiyo makabati ya studio yalijaa sura za mji mzima, na mwenye studio akawa mshika amana.

Amana hiyo ilikuwa nzito zaidi kwa wanawake. Mwanamke aliyevaa buibui barabarani aliliacha nyuma ya pazia la studio, akapigwa picha na nywele zake na dhahabu zake, akijua kwamba haitatundikwa dirishani. Na si Parekh pekee aliyempa mteja sura aliyoitaka: Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alijulikana kwa kukata na kuunganisha picha hadi sura ya mteja ikatokea mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kusimama. Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha, wengi wao kutoka bara, walijenga vibanda vyenye mapazia ya rangi, wakawapiga wasafiri, mpaka machafuko ya 1997 yalipowatimua wengi.

Video iliponunulika, harusi zikabadilika. Ukumbi wa wanawake hauingiwi na mwanamume, basi kina mama wenyewe wakashika kamera na kuifanya kazi. Siku hizi mlangoni simu huwekwa kando, na aliyekodiwa ndiye pekee mwenye ruhusa ya kupiga. Wako wanaoona huo ni ukali wa kupita kiasi. Mimi nauona ni utaratibu ule ule wa pazia la studio, na ni wa haki: bibi harusi aliyejipamba kwa ajili ya wenzake hakukubali kuonwa na ulimwengu.

Kwa hiyo unapomkodi mpiga picha leo, bei na ubora wa kamera havitoshi. Kabla ya kumpa arubuni, mwulize faili zako atazihifadhi wapi na kwa muda gani, na kama ataziweka mtandaoni kutangaza kazi yake. Jibu liandikwe kwenye mkataba. Nanyi familia zilizorithi studio za zamani, msichome negativu wala kuziuza kwa watalii kama takataka za dukani. Zipelekeni kwenye nyaraka za taifa au makumbusho, na wazee ambao wangali hai wawasaidie kuandika majina.