Francesco Camarda

Francesco Camarda (amezaliwa Milano, Italia, 10 Machi 2008) ni mshambuliaji wa kandanda aliyelelewa katika timu za vijana za AC Milan. Tarehe 25 Novemba 2023, dhidi ya Fiorentina uwanjani San Siro, aliingia dakika za mwisho akiwa na miaka 15 na siku 260, na kuwa mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya Serie A. Mwaka 2024 alifunga mabao mawili Italia ilipoilaza Ureno 3-0 katika fainali ya Ulaya ya vijana chini ya miaka 17. Oktoba mwaka huohuo, kwenye Ligi ya Mabingwa dhidi ya Club Brugge, alifunga kwa kichwa, akavua jezi kwa furaha. Kisha video ikaonyesha ameotea, bao likakataliwa. Mwaka 2025 alikwenda Lecce kwa mkopo.